Kuisoma ripoti ya shule ya kati Marekani: maswali wanayoniuliza wazazi

Kila vuli majimbo mengi ya Marekani hutoa ripoti za shule, na simu yangu huanza kulia. Nafanya ukalimani kwenye vikao vya wazazi na walimu. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale; Watanzania, Wakenya na Warundi wapo pia. Maswali yao yanafanana, hata nimefika mahali naanza kujibu kabla mtu hajamaliza kuuliza, kwa hiyo nimeona niyaandike. Sheria ninazozitaja ni za taifa zima. Mambo yanayobadilika jimbo kwa jimbo nitayasema yanapofika.

Shule ya kati ndiyo shule gani?

Ni ile inayokaa kati ya shule ya msingi na sekondari, mara nyingi darasa la 6 mpaka la 8, watoto wa miaka 11 hadi 14. Wilaya nyingine huanzia la 7. Waliosoma Tanganyika miaka ya 1950 watakumbuka kwamba hata huko kulikuwa na shule za kati, darasa la 5 hadi la 8, na Wakenya wana junior school yao tangu 2023, darasa la 7 hadi la 9.

Tofauti kubwa ni kwamba hapa hakuna mtihani wa kumaliza. Hakuna kinachofanana na darasa la saba la Tanzania, KCPE ya Kenya iliyofanywa mara ya mwisho 2023, wala TENAFEP ya Kongo. Mtoto akimaliza la 8 anaenda sekondari, basi. Wazazi wakilisikia hilo hutulia: kama hakuna kufeli, namba za nini? Mchujo upo, ndugu zangu, ila unafanyika kimyakimya, na sehemu yake kubwa inafanyika kwenye hesabu. Nitalirudia hilo huko chini.

Mwanangu amekuwa wa ngapi?

Hili ndilo swali la kwanza kila mwaka, na mwalimu wa Kimarekani huwa halielewi hata nikilitafsiri vizuri. Hapa watoto hawapangwi wa kwanza hadi wa mwisho. Unapewa vitu viwili tofauti. Kimoja ni ripoti ya mwalimu, zile herufi A, B, C, zinazotokana na kazi za darasani, kazi za nyumbani, majaribio na wakati mwingine bidii tu. Kingine ni matokeo ya mtihani wa jimbo, ambao hauangalii bidii wala adabu.

Baba mmoja alikuja kikaoni na karatasi mbili ndani ya bahasha ya kaki. Ya kwanza B tupu. Ya pili, mtoto yuleyule, mwaka uleule, ngazi ya chini kabisa katika kusoma. Akazilaza mezani sambamba, akaniambia, "Waulize ipi inasema kweli." Mwalimu akajibu kwamba zote. Na kweli ilikuwa zote: mtoto alifanya kila alichopewa, ila alichopewa kilikuwa kimerahisishwa kwa sababu ya Kiingereza chake. Ukiona pengo la namna hiyo usimgombeze mtoto. Muulize mwalimu kazi anazompa ni za kiwango cha darasa la ngapi.

Huu mtihani wa jimbo umetoka wapi?

Umetoka Washington, ingawa kila jimbo linatunga wake. Sheria ya No Child Left Behind, aliyoisaini Rais George W. Bush Januari 2002, ililazimisha mitihani ya kusoma na hesabu kila mwaka. Desemba 2015 Rais Barack Obama alisaini iliyoirithi, Every Student Succeeds Act, lakini ratiba ya mitihani ikabaki ileile: kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na sayansi angalau mara moja kati ya la 6 na la 9. Maana yake shule ya kati ndiyo shule ambayo hakuna darasa linalopumzika. Texas wanaita mtihani wao STAAR, Massachusetts MCAS, Kentucky KSA. Shule inatakiwa kuwafanyisha angalau asilimia 95 ya wanafunzi wake, na asilimia 95 ya kila kundi pia, ili isije ikawaficha wanaoishusha.

Ripoti inasema asilimia 34 wako "Proficient". Ina maana asilimia 66 wamefeli?

La. Majimbo mengi yana ngazi nne. Kentucky, kwa mfano, wanasema, kuanzia chini kwenda juu, Novice, Apprentice, Proficient na Distinguished. Asilimia 34 ni jumla ya walio kwenye ngazi mbili za juu. Katika wale 66 waliobaki, kuna aliyekosa alama mbili tu na kuna ambaye bado anahangaika kusoma aya moja ya Kiingereza. Usiishie kwenye ile namba kubwa. Angalia wangapi wako ngazi ya chini kabisa, maana hapo ndipo penye watoto wanaohitaji msaada leo.

Halafu, kila jimbo linajiwekea kizingiti chake. Shemeji yako wa Texas akikuambia shule ya mwanawe ina asilimia 50 na ya kwako huku Ohio ina 45, hamjalinganisha kitu. Kipimo kimoja cha nchi nzima ni NAEP, kinachofanywa na sampuli ya wanafunzi wa darasa la 4 na la 8. Hicho hakitoi alama ya mtoto wala ya shule. Mwaka 2024 asilimia 28 tu ya darasa la 8 walifika ngazi ya Proficient katika hesabu na asilimia 30 katika kusoma, na ngazi hiyo ya NAEP imewekwa juu kwa makusudi. Wastani wa hesabu ulikuwa 282 mwaka 2019, kabla ya korona; mwaka 2024 ulikuwa 274. Theluthi moja ya watoto wa darasa la 8 hawakufikia hata ngazi ya msingi katika kusoma. Kwa hiyo mkiona namba za shule yenu zimeshuka tangu wakati ule, jueni kwamba nchi nzima ilishuka.

Basi shule yenye asilimia kubwa ndiyo nzuri?

Hapa nitakaa, kwa sababu nimeshuhudia watu wakihama nyumba kwa ajili ya jibu lisilo sahihi.

Mwaka 1966 serikali ya Marekani ilitoa utafiti mkubwa ulioongozwa na mwanasosholojia James Coleman. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo iliyouagiza, na ulihusisha wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Waliouagiza walitarajia kusikia kwamba majengo na vitabu ndivyo vinavyotofautisha watoto. Walichosikia ni kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti za alama zaidi kuliko majengo na vitabu. Tangu hapo watafiti wamebishana sana juu ya kiasi gani, lakini jambo lenyewe halijaondoka.

Miaka ya karibuni Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamekusanya mamia ya mamilioni ya matokeo ya darasa la 3 hadi la 8 kutoka nchi nzima. Waliangalia vitu viwili. Cha kwanza, wastani wa alama za wilaya: huo unafuatana na mapato ya wazazi. Cha pili, watoto wanapanda kiasi gani kutoka darasa moja hadi jingine: hapo uhusiano na utajiri ni hafifu sana. Chicago, ambayo sifa za shule zake huwa si nzuri, watoto waliotoka darasa la 3 kufika la 8 kati ya 2009 na 2014 walijifunza kiasi cha miaka sita ndani ya miaka mitano.

Kuisifu shule kwa asilimia peke yake ni kama kumsifu dereva wa daladala kwa kuwahi kufika Kariakoo bila kuuliza alianzia kituo gani. Tuseme shule moja ina asilimia 70, na watoto wake waliingia darasa la 6 wakiwa 75. Shule ya pili ina 35, na wake waliingia wakiwa 20. Kwenye tovuti za kuuza nyumba, zile zinazoipa shule namba kati ya 1 na 10, mara nyingi ya kwanza ndiyo inayong'aa. Mimi mwanangu ningempeleka ya pili.

Sisemi asilimia ndogo haina maana. Mtoto aliyefika la 8 bila kusoma vizuri ana shida hata kama amekua kwa kasi. Ninachosema ni kwamba ile namba ya kwanza unayoiona inakuambia zaidi ni nani wanaishi mtaa ule kuliko walimu wanafanya nini saa tatu asubuhi.

Huo ukuaji nitauona wapi?

Tafuta neno "Growth" au "Progress" kwenye ripoti. Tennessee wana mfumo uitwao TVAAS wenye ngazi 1 hadi 5. Ohio hutoa nyota. Majimbo mengine hutumia kipimo cha mia: mtoto wako analinganishwa na watoto wa jimbo zima walioanza na alama kama zake. Akipata 50, amekua sawa na wa katikati yao. Akipata 70, amewapita wenzake 70 kati ya 100 waliosimama naye mstari mmoja mwaka uliopita. Kwa mtoto aliyeingia nchi hii juzi, hii ndiyo namba ninayowaonyesha wazazi kwanza. Alama yake bado ndogo, lakini unaona kama anasogea.

Kwenye safu za rangi, sisi tuko wapi?

Tangu mwaka wa shule wa 2010–11 shule hupeleka takwimu kwa makundi saba: Wahispania (wengi wao wenye asili ya Amerika ya Kilatini), Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska, Waasia, Weusi, wenyeji wa Hawaii na visiwa vya Pasifiki, Weupe, na wenye asili zaidi ya moja. Nchi nzima, katika shule za serikali, Weupe ni kama asilimia 44, Wahispania 29, Weusi 15.

Sasa angalia hiyo safu ya Weusi kwenye shule ya mjini kama Louisville au Columbus. Mtoto aliyetua miezi mitatu iliyopita kutoka Nakivale yumo. Mtoto wa daktari wa Kinaijeria yumo. Mtoto ambaye mababu zake wako Kentucky tangu enzi za utumwa yumo. Wote watatu ni namba moja. Mzazi anasoma "Weusi, asilimia 15 Proficient" na kunywea kitini kama kwamba kasomewa hukumu ya mwanawe. Safu hiyo haimjui mwanao. Ina kazi yake, na ni kazi ya maana: bila hiyo shule zingeficha ubaguzi nyuma ya wastani, na ndivyo zilivyofanya kwa miaka mingi hata baada ya hukumu ya Brown ya 1954 iliyokataza kutenganisha shule kwa rangi. Lakini kama unataka kujua watoto waliokuja na historia kama ya mwanao wanaendeleaje, isome pamoja na safu ya wanaojifunza Kiingereza.

Kichekesho kipo pia. Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye ukoo wa baba yake umetoka Hadhramaut, Yemen, alisoma maelezo ya fomu na kukuta kwamba wenye asili ya Mashariki ya Kati wanahesabiwa Weupe. Akacheka mpaka karani akatuangalia. Machi 2024 serikali ilibadili utaratibu na kuweka kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini peke yake, ila fomu za shule nyingi bado ni zile za zamani.

Na usiache kisanduku wazi. Usipojaza, shule inatakiwa kumjazia mtoto kwa kumwangalia. Afadhali ukosee wewe kuliko kukosewa na karani.

Safu hizohizo zitazame pia kwenye ukurasa wa adhabu. Takwimu za taifa za mwaka wa shule wa 2017–18 zilionyesha wanafunzi Weusi walikuwa asilimia 15 ya wote, lakini asilimia 38 ya waliosimamishwa na kurudishwa nyumbani. Huo ukurasa upo kwenye ripoti, na ni wazazi wachache wanaoufungua.

Imeandikwa asilimia 100 ya wanafunzi ni maskini. Kweli?

Huenda si kweli. Umaskini shuleni ulizoeleka kupimwa kwa fomu za chakula: familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini ilipata chakula bure, na hadi asilimia 185 ilipata kwa bei ya chini. Tangu 2014 shule za nchi nzima zenye wahitaji wengi zimeruhusiwa kuwalisha wote bure bila kukusanya fomu. Kizingiti kilikuwa asilimia 40 ya wanafunzi wanaotambulika tayari kwa misaada mingine ya serikali. Mwaka 2023 kikashushwa hadi 25. California na Maine zimeamua kuwalisha watoto wote bila kujali shule.

Matokeo yake, ripoti nyingine huandika 100, na nyingine zikabadili njia ya kuhesabu na namba ikaporomoka mwaka uliofuata bila hata familia moja kupata nyongeza ya mshahara. Ukilinganisha shule mbili kwa safu hii, kuwa mwangalifu.

Mwanangu yuko kundi la wanaojifunza Kiingereza. Nimtoe?

Kwanza aliingiaje? Ulipomwandikisha ulijaza karatasi ya lugha ya nyumbani. Ukiandika Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda, mtoto hupimwa Kiingereza. Kisha kila mwaka hufanya mtihani wa Kiingereza wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Majimbo mengi hutumia mtihani wa WIDA uitwao ACCESS, unaotoa alama kati ya 1.0 na 6.0. Texas wana TELPAS, California ELPAC. Kila jimbo lina alama yake ya kutoka.

Una haki ya kukataa masomo hayo. Ukikataa, mtoto bado atafanya mtihani wa kila mwaka mpaka afuzu, na shule bado inawajibika kuhakikisha anaelewa masomo. Wajibu huo una historia: mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba watoto wenye asili ya Kichina wa San Francisco, kiasi cha 1,800, hawakupewa elimu sawa kwa kukalishwa tu darasa moja na wengine na kupewa kitabu kilekile wasichokielewa.

Wanaotaka kumtoa mtoto huniambia kundi lile "linafanya vibaya", wakionyesha asilimia 6 au 8. Fikiria linavyoundwa. Mtoto akikijua Kiingereza, anatoka. Anayebaki ni ambaye bado, na kila mwezi wanaingia wapya kutoka uwanja wa ndege. Kundi la namna hiyo haliwezi kuwa na alama za juu hata walimu wawe malaika. Sheria imelitambua hilo kwa kiasi: jimbo linaweza kuendelea kuwahesabu waliofuzu ndani ya kundi kwa hadi miaka minne, na mtoto mwenye chini ya miezi 12 katika shule za Marekani anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja. Hesabu hasamehewi.

Namba ya kuitazama ni ile ya maendeleo ya Kiingereza: asilimia ngapi walipanda kama walivyotarajiwa mwaka huu. Hiyo inaonyesha mwalimu wa Kiingereza anafanya kazi au amekaa. Mimi ningehangaika zaidi na mtoto aliyekaa kundini tangu darasa la 1 na sasa yuko la 7, anayeongea Kiingereza kama mtangazaji lakini anakwama kwenye kuandika. Kwa huyo omba kikao.

Alikuwa darasa la 3 kambini. Kwa nini wamempeleka la 8?

Kwa sababu wanapanga kwa umri. Na umri wenyewe umetoka wapi? Angalia kitambulisho chake: 1 Januari. Nimekaa mezani na familia ya watu saba, watano walizaliwa 1 Januari. Siku ya kuandikishwa ukimbizini hakuna aliyekuwa na cheti, mtu akakadiria mwaka, mashine ikajaza siku na mwezi. Mtoto wa miaka 12 akawa wa 13, na mwaka mmoja wa shule ukaruka hapo.

Shule haitamrudisha darasa la 3, na sidhani ingefaa. Kijana wa miaka 13 hatakaa na watoto wa miaka 8. Lakini waambie wazi, na waandike, kwamba alikosa miaka kadhaa ya shule. Kuna wilaya zenye madarasa maalumu kwa wanafunzi wa namna hiyo, na kaunsela hawezi kukupeleka huko kama kwenye faili imeandikwa tu "la 8, Swahili".

Mbona mahali pengine pana alama ya nyota (*) badala ya namba?

Kundi ni dogo mno. Kila jimbo lina idadi ya chini, mara nyingi kati ya 10 na 30, na chini ya hapo hawachapishi ili mtoto asijulikane. Hata linapochapishwa, kundi la watoto 12 hutikisika: mmoja akiugua siku ya mtihani, asilimia 8 zimeondoka.

Shule inasema mwanangu ni mtoro, na kila mara nilitoa taarifa.

Kutoa taarifa hakufuti siku. Kipimo wanachotumia ni kukosa asilimia 10 ya siku za shule kwa sababu yoyote: ugonjwa, msiba, kusimamishwa. Mwaka wa siku 180 unaruhusu 17. Ya 18 inakuingiza kwenye hesabu. Ni siku mbili tu kwa mwezi. Kabla ya korona kama asilimia 15 ya wanafunzi nchini walifika hapo. Mwaka 2022 walikuwa 28. Majimbo mengi yameifanya hii kuwa sehemu ya alama ya shule, ndiyo maana wanakupigia simu kwa haraka isiyo ya kawaida.

Binti mmoja wa darasa la 7 alikosa siku 21. Tulipozipitia moja moja na mama yake, tisa alikuwa hospitalini na ofisi ya msaada wa chakula, akimtafsiria mama. Mwenyewe alikuwa amezipigia mstari wa kalamu ya rangi ya waridi kwenye kalenda ya jikoni. Hospitali inayopokea fedha za serikali inatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Mwache mtoto aende shule.

Shule yetu iko kwenye orodha ya asilimia 5 za chini. Tuhame?

Usikimbilie. Angalau kila miaka mitatu jimbo linatakiwa kuzitaja shule za chini kabisa kati ya zile zinazopokea fedha za Title I, yaani fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi maskini, na kutajwa huko huja na mpango wa kuzirekebisha na mara nyingi fedha. Nenda ukauulize mpango huo. Una haki pia ya kuuliza sifa za mwalimu wa mwanao, na shule ya Title I inatakiwa kukujulisha kama amefundishwa wiki nne mfululizo au zaidi na mtu asiyetimiza sifa za leseni za jimbo. Nafasi za walimu zikibaki wazi mwaka hadi mwaka, hapo ndipo ningeanza kufikiria kuhama.

Ulisema mchujo uko kwenye hesabu. Vipi?

Hesabu ya kurudi nyuma ni rahisi. Mtoto anayetaka kusoma kalkulasi darasa la 12 anatakiwa awe amefanya aljebra ya kwanza darasa la 8, jiometri la 9, aljebra ya pili la 10, kisha somo la kuandaa kalkulasi la 11. Anayeanza aljebra darasa la 9 itabidi abane masomo mawili mwaka mmoja au asome kiangazi. Ni kama robo tu ya wanafunzi wa darasa la 8 nchini waliokuwa kwenye aljebra katika takwimu za 2015–16, na si shule zote za kati zinazoifundisha.

Nani anaingia? Mara nyingi, anayependekezwa na mwalimu, au ambaye mzazi wake alijua kuuliza akiwa darasa la 5. Mtoto mpole mwenye Kiingereza cha kuokoteza hupitwa hata kama hesabu anaijua. Majimbo mengine yameona hilo. North Carolina ilipitisha sheria mwaka 2018 kwamba wanaopata ngazi ya juu kwenye mtihani wa hesabu waingizwe hesabu za juu moja kwa moja, na Texas mwaka 2023 ikaamua hivyohivyo kwa asilimia 40 ya juu ya darasa la 5. Kama hauko huko, muulize kaunsela Januari ya darasa la 6 au la 7, si Agosti ratiba zikishafungwa: mwanangu yuko njia gani ya hesabu, na walio kwenye njia ya juu walichaguliwa kwa kitu gani?

Hali ya karatasi zetu za uhamiaji itamzuia mtoto?

Hapana. Hukumu ya Plyler dhidi ya Doe, 1982, iliyotoka Texas, inasema shule ya serikali haiwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Naweza kuomba ripoti na faili la mwanangu kwa Kiswahili?

Ripoti ya shule iko kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo, bure, na sheria inataka habari hizi zitolewe kwa lugha mzazi anayoielewa kadiri inavyowezekana. Faili la mtoto unaruhusiwa kuliona chini ya sheria ya 1974, na shule ina siku 45 kutimiza ombi.

Kwenye kikao omba mkalimani mapema. Usimtumie mtoto: nimesimulia ya yule binti, lakini kuna na wale wa kiume wanaotafsiri "hafanyi kazi za nyumbani" kuwa "anaendelea vizuri, mama". Ukiletewa mkalimani kwa simu, msikilize dakika moja kwanza. Mzazi wa Kibembe wa Fizi na mkalimani wa Kiunguja wanaweza kuelewana, wanaweza pia wasielewane, na karani hataweza kujua. Kama hamwelewani, sema hapohapo, wampigie mwingine, na uandike tarehe uliyoomba na jina la aliyekupokea.